Aliyezama Hakamuliwi Tumbo

Nafanya kazi kwenye zahanati iliyo karibu na ufukwe, Kigamboni. Vimbunga vya upande wetu wa Bahari ya Hindi huwa kati ya Novemba na Aprili, ingawa Hidaya kilitufikia mwanzoni mwa Mei 2024. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa kila bahari inapochafuka, mengi na watu waliokwisha kuchelewa.

Kimbunga kimeshapita na jua linawaka. Kwa nini tusiogelee?

Upepo hutulia kabla ya bahari. Hidaya kiliishiwa nguvu kilipoingia nchi kavu kisiwani Mafia, lakini mawimbi hayasomi taarifa ya habari. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa angalizo la mawimbi ya mita 2, watu husema hilo ni la wavuvi. Mita 2 inakupita kimo, ndugu yangu.

Mkondo ni nini?

Ni maji yaliyosukumwa ufukweni yakirudi baharini kwa njia nyembamba, kwa kasi, kama pale penye mlango wa mwamba. Juu panaonekana shwari, mawimbi hayavunjiki, na hapo hapo ndipo watu wanapochagua kuingia. Ukikamatwa usishindane nao. Elea, punga mkono, ogelea sambamba na ufukwe hadi utoke, kisha urudi. Mkondo haukuvuti chini, unakupeleka mbali. Wengi huzama kwa sababu ya kuchoka.

Bia mbili tu zina neno?

Zina neno. Swali linalofuata.

Mwenzangu anazama, nimfuate?

Hapana. Piga kelele, mrushie dumu tupu lililofungwa kifuniko, boya au kamba. Tumeshapokea wawili pale ambapo angezama mmoja.

Ametolewa majini, hapumui. Si lazima kwanza maji yatoke tumboni?

Hapana. Aliyezama anakufa kwa kukosa hewa. Maji ya tumboni hayamuui.

Sikukuu moja ya Idd nililetewa mtoto akiwa kichwa chini, begani mwa kijana aliyekuwa amekimbia naye ufukwe mzima "ili maji yashuke". Puani mwake mlikuwa na punje za pilau. Ukimkamua tumbo, kinachopanda ni chakula na tindikali, na vikifika kooni vinashuka kwenye mapafu. Na muda wote huo hakuna aliyempulizia hata pumzi moja. Ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika chache tu bila hewa.

Hata tukimbonyeza kidogo tu?

Hata kidogo. Msimkamue, msimning'inize, msimviringishe juu ya pipa. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, bana pua, funika mdomo wake kwa wako na mpulizie pumzi 5, kila moja mpaka uone kifua kinainuka. Akiwa bado hapumui, weka mikono katikati ya kifua na ubonyeze kwa nguvu mara 30, kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, kisha pumzi 2. Rudia bila kuacha. Povu likitoka mdomoni, usipoteze muda kulifuta. Akitapika, mgeuze ubavu, msafishe kinywa, endelea. Mwingine apige 114, Zimamoto na Uokoaji, au atafute gari.

Lakini babu yangu alikamuliwa akapona.

Alipona licha ya kukamuliwa. Yaelekea alikuwa bado anapumua.

Ameamka, anaongea. Bado tuje?

Njooni! Hili nalo linanichosha. Mtu amezinduka, anapewa maziwa, anapelekwa nyumbani kulala, halafu usiku anapumua haraka na midomo imebadilika rangi. Mapafu yaliyoingiwa maji yanaweza kuzidi kuwa mabaya saa kadhaa baadaye. Kila aliyepoteza fahamu, aliyepuliziwa pumzi, au anayeendelea kukohoa anatakiwa kuangaliwa hospitalini kwa muda wa saa 6 hadi 8, na kupewa oksijeni akihitaji. Msimpe kitu kinywani, maziwa wala maji.

Na mkiwa ufukweni akatokea mtu wa kusema "mkamueni kwanza", mpeni kazi ya kwenda barabarani kusimamisha gari.