Tochi yenye swichi inayowaka mkiani: dhana potofu na ukweli wake

Umeme ukikatika usiku, tochi yenye nukta ya kijani au bluu kitakoni hupatikana bila kupapasa meza nzima. Kwa sababu hiyo watu hununua bodi ndogo ya swichi yenye LED, wakaifunga, kisha wakakuta haiwaki. Au inawaka, lakini tochi inaanza vituko. Mara nyingi bodi yenyewe haina kosa lolote.

Hapa tunazungumzia tochi ya betri moja ya 18650 (ya lithiamu, ya kuchaji) ambayo swichi yake ya kubofya, iliyoko mkiani, inakata umeme wa taa moja kwa moja. Convoy S2+ ni mfano mzuri. Tochi ambazo kitufe hutuma ishara tu kwa chipu zina mpangilio mwingine kabisa, na hesabu hizi hazizihusu.

"Ukishafunga bodi yenye LED, kazi imekwisha"

Nusu ya kazi iko kichwani. Swichi ya mkiani imekaa kati ya upande hasi wa betri na mwili wa tochi, na LED ndogo zimeungwa sambamba nayo, zikiwa na rizista yao (kipande cha kupunguza mkondo). Swichi ikiwa imezimwa, umeme wa kuwasha LED hizo hutoka upande chanya wa betri, hupita ndani ya draiva (bodi ya kichwani inayoendesha taa), hushuka kwa mwili wa tochi, huingia kwenye LED, ndipo ufike upande hasi. Draiva isipokuwa na upenyo wa kuupitisha, mkiani panabaki giza.

Draiva nyingi zina upenyo mdogo wa bahati, kwa mfano rizista mbili za kupimia volti za betri, ambazo kwa pamoja hufika kama kilo-omu 24. Hizo hutoa mwanga hafifu unaoonekana chumbani penye giza totoro tu. Tiba yake ni kuongeza rizista moja ya kuvujisha kwenye draiva, kutoka pale springi ya chanya ilipochomewa hadi kwenye ringi ya nje inayogusa mwili. Watu wengi huweka omu 560 au 680. Kwa LED za mkondo mdogo, hata kilo-omu 1 au 2.2 inatosha.

Mahali pa kuichomea pana maana. Ukiiweka baada ya dayodi ya kulinda draiva (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu), sambamba na kapasita inayoshikilia umeme wa chipu, utaharibu ubadilishaji wa viwango vya mwanga kwa kubofya nusu. Kapasita ya mikrofaradi 10 ikiungwa na omu 560 hupoteza chaji yake ndani ya milisekunde chache, wakati kidole chako hukaa juu ya kitufe sehemu nzima ya sekunde. Chipu husahau ilikuwa wapi. Iweke kabla ya dayodi.

"Mwili wa tochi ni hasi, kwa hiyo kathodi (mguu hasi wa LED) ielekee huko"

Kosa hili huwapata hata mafundi wazuri, kwa kuwa mwili ni hasi kweli tochi inapowaka. Ikizimwa, mwili umetengwa na upande hasi wa betri, na draiva inauvuta kuelekea chanya. Kwa hiyo anodi (mguu chanya) ya LED ndogo ielekee ringi inayogusa mwili, na kathodi ielekee springi inayogusa betri. Ukigeuza, hakuna kitakachoungua. Haitawaka tu, nawe utakaa unailaumu draiva.

"LED za mkiani humaliza betri kwa siku chache"

Tupige hesabu. Betri ikiwa imejaa ina volti 4.2. LED ya bluu au kijani kibichi cha kisasa, kwa mkondo mdogo namna hii, hujichukulia kama volti 2.5. Zinabaki 1.7. Rizista ya mkiani ikiwa kilo-omu 10 na ya kichwani omu 560, mkondo ni kama miliampea 0.16. Betri ya miliampea-saa 3000 ingechukua zaidi ya miaka miwili kuisha kwa kasi hiyo, na kasi yenyewe hupungua kadiri volti zinavyoshuka. Ukitaka mwanga zaidi ukaweka kilo-omu 3.9, mkondo unafika karibu 0.38, yaani takriban miezi 11.

Hesabu hii itumie ujazo halisi. Betri ya 18650 iliyoandikwa 9900 haina 9900. Nyingi za kweli ziko kati ya 2000 na 3500, na za bandia huwa chini zaidi.

Inayokula kwa siri ni rizista ya kichwani, tena wakati tochi imewashwa. Swichi ikifungwa, LED za mkiani huzimika kwa sababu umeme unapita kwenye swichi na kuziruka. Rizista ya kuvujisha, kwa upande wake, sasa inapata volti zote za betri: 4.2 kwa omu 560 ni miliampea 7.5. Kwa tochi inayovuta ampea 2.8, hicho ni kitu cha kupuuzwa. Lakini kama kiwango chako cha chini kabisa hutumia miliampea 5, umezidisha matumizi yake zaidi ya maradufu. Mtu anayependa kusoma kwa mwanga huo hafifu aweke kilo-omu 2.2, ambayo hula chini ya miliampea 2.

"Rangi ni suala la kupenda tu"

Nyekundu ina matatizo mawili. LED nyekundu hujichukulia kama volti 1.8 tu, kwa hiyo kwenye tochi isiyo na rizista ya kuvujisha, volti zinazobaki kwa draiva zinaweza kupanda kuelekea 2.4. Chipu kama ATtiny13A hufanya kazi kuanzia volti 1.8. Matokeo yake chipu haiko macho wala haijalala: viwango vya mwanga vinakataa kubadilika, au tochi inajirukia kiwango usichokitaka, au LED za mkiani zinapepesa. Rizista ya kuvujisha huondoa yote hayo, kwa kuwa huishusha draiva hadi sehemu ndogo ya volti moja.

Tatizo la pili halitibiki kwa rizista hiyo. Betri ikifika volti 2.5, LED ya bluu iko karibu kuzimika yenyewe na mvujo unafifia. Nyekundu huendelea kunyonya hadi chini ya 2, mahali ambapo betri ya lithiamu isiyo na kinga huharibika. Tochi ya kusahauliwa ndani ya gari isiwekwe nyekundu.

"Mwangaza wa mkiani hauwezi kukuambia chochote kuhusu chaji"

Hukwambia kidogo, ukiwa umeizoea. Kwa bluu, volti zinazobaki kwa rizista ni 1.7 betri ikiwa imejaa na 0.7 ikiwa 3.2, hivyo mwanga hupungua hadi chini ya nusu. Usiutegemee kama kipimo.

"Kupima mvujo, gusa tu waya za mita"

Ukiondoa kifuniko cha mkiani na kuunganisha mita kati ya upande hasi wa betri na mwili, umewasha taa kubwa kupitia mita. Fyuzi ya miliampea 200 huungua hapo hapo. Njia sahihi: toa kifuniko, hakikisha swichi imezimwa, unganisha kipande cha waya kutoka ncha ya mwili hadi ringi ya ndani ya kifuniko, kisha mita iwe kati ya springi ya kifuniko na upande hasi wa betri. Waya uguse ukingo wa chuma usio na rangi. Meno ya skrubu ya tochi nyingi yana tabaka linalohami umeme, na ukigusa hapo mita itasoma sifuri. Anza na masafa ya ampea 10, na usiiguse swichi wakati unapima.

"Mpira wowote wa kitufe utafaa"

Mweusi hupitisha mwanga kidogo sana au haupitishi kabisa. Tafuta silikoni inayopenya mwanga, yenye kipenyo na kimo sawa na cha zamani. Bodi mpya ikiwa nene kuliko ya awali, au mpira ukiwa mrefu, kitufe hukaa kimebonyezwa nusu na swichi haishiki. Kagua pia kwamba ringi ya kubana haigusi miguu ya LED. Ikigusa, LED huzimika au tochi huwaka moja kwa moja bila kuzimika, kutegemea imegusa wapi. Unapochomea risasi karibu na swichi, toa betri kwanza na usizidishe sekunde 2 au 3 kwa kila mguu, maana plastiki ya ndani huyeyuka na swichi huanza kukwama.

"Vipimo vya betri moja vinafaa hata kwa betri mbili"

Hapa ndipo rizista huungua. Betri mbili mfululizo ni volti 8.4, na omu 560 kwa volti hizo hutoa miliwati 126, wakati rizista ya saizi ya 0805 kwa kawaida imetengenezwa kwa 125. Weka kilo-omu 2.2, itabaki na miliwati 32. Kwa rizista ya mkiani, panda hadi kilo-omu 27, utapata miliampea 0.2.

"Ukikilegeza kifuniko, mkia utaendelea kula"

Kwenye tochi yenye meno yaliyohamiwa dhidi ya umeme, robo mzunguko inatosha kukata njia yote, LED za mkiani zikiwamo. Zikizimika, kubofya kwa bahati mbaya ndani ya begi hakutawasha kitu. Zikiendelea kuwaka hata baada ya kulegeza, meno yamekwanguka au hayakuhamiwa tangu kiwandani, na tochi hiyo ukiihifadhi kwa muda mrefu toa betri.