Kitufe na volyumu: jinsi programu inavyoamua taa iwake vipi

Vijana wanaokuja kwangu kujifunza maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyo ndani ya chipu moja, huanza na zoezi la kuwasha taa ya LED kwa kitufe na kuongeza au kupunguza mwanga wake kwa potenshiometa, yaani ile volyumu ya kuzungusha iliyozoeleka kwenye redio. Wengi huliona zoezi dogo mno, kwa kuwa vifaa vyake vyote hupatikana katika maduka ya elektroniki ya Kariakoo na nyaya zake hazifiki kumi. Hata hivyo, ndani yake mna tofauti ambayo huwasumbua hata watu waliokwisha kuhitimu uhandisi: potenshiometa hutoa hali, ilhali kitufe hutoa tukio. Hali unaweza kuisoma wakati wowote na ukapata jibu sahihi la wakati huo. Tukio ni kama mgeni aliyepiga hodi, ambaye usipomsikia alipobisha hutajua kamwe kwamba alifika. Programu inayovichukulia vitu hivi viwili kwa namna moja hufanya kazi mezani siku ya majaribio, kisha humchosha mtumiaji.

Nitatumia bodi ya Arduino Uno, yenye maikrokontrola ya ATmega328P inayofanya kazi kwa volti 5 na kasi ya megahezi 16. Ina kilobaiti 32 za kuhifadhi programu na kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kazi, kiasi kinachotosha na kusaza kwa shughuli yetu.

Potenshiometa ina miguu mitatu. Miguu ya pembeni huunganishwa kwenye volti 5 na kwenye grandi (upande wa volti sifuri), na mguu wa kati huenda kwenye pini A0. Unapoizungusha, volti ya mguu wa kati hupanda kutoka sifuri hadi 5, na amri ya analogRead huigeuza kuwa namba kati ya 0 na 1023, kila hatua moja ikiwa takriban milivolti 4.9. Chagua potenshiometa ya kiloomu 10, kwa sababu saketi ya kupima volti iliyo ndani ya ATmega328P imeundwa kwa chanzo chenye ukinzani usiozidi kiasi hicho. Ya kiloomu 100 nayo itasomeka, lakini namba zake hazitatulia vizuri, na hapo kapasita ya maikrofaradi 0.1 kati ya mguu wa kati na grandi husaidia. Jambo lingine linalofaa kuangaliwa dukani ni herufi iliyopigwa chapa juu yake. Kwa kawaida herufi B huonyesha kwamba ukinzani hubadilika sawasawa na mzunguko, na herufi A huonyesha mkunjo uliokusudiwa kwa sauti. Zile zinazong'olewa kwenye redio mbovu mara nyingi ni za A, na ukizitumia utashangaa kuona taa ikibaki hafifu karibu nusu ya mzunguko kisha ikipanda ghafla.

Kwa upande wa kitufe, mguu mmoja huenda kwenye pini ya 2 na mwingine kwenye grandi. Pini isiyounganishwa na chochote haina thamani maalumu, bali huyumba kwa kudaka mawimbi ya umeme yaliyo karibu nayo. Ndiyo maana tunaiwasha rezista (kikinza umeme) ya ndani ya maikrokontrola, yenye kiloomu 20 hadi 50, ambayo huivuta pini hiyo juu kwenye volti 5. Matokeo yake ni kwamba kitufe kisipobonyezwa husomeka HIGH (juu), na kikibonyezwa husomeka LOW (chini). Kinyume hicho huwakanganya wanafunzi kwa muda mfupi tu.

Ugumu unaanzia kwenye chuma chenyewe. Unapobonyeza kitufe, vipande vya ndani havigusani mara moja na kutulia, bali hudunda kwa milisekunde kadhaa, vikigusana na kuachana. Kidole hakihisi chochote, lakini programu yetu huzunguka maelfu ya mara kwa sekunde, na kwa hiyo huona mibonyezo mingi mahali ambapo mtu amebonyeza mara moja. Ikiwa kila mbonyezo hugeuza taa kutoka kuwaka hadi kuzimika, basi idadi ya midundo ikiwa witiri taa hugeuka, na ikiwa shufwa hurudi ilipokuwa. Mtumiaji huona taa inayotii ikipenda.

Dawa inayouzwa sana mtandaoni ni kuweka delay (amri ya kusubiri) ya milisekunde 200 baada ya kila mbonyezo. Siipendi hata kidogo. Katika muda huo programu nzima imesimama, potenshiometa haisomwi, na mbonyezo wa haraka unaotokea wakati huo hupotea bila mtu kujua. Wengine hukimbilia interapti, yaani ishara inayoikatiza programu ili ishughulikie tukio papo hapo, nayo kwa kidole cha binadamu haina haja, na zaidi ya hayo itadaka kila mdundo mmoja mmoja. Njia iliyo bora ni kuiuliza saa ya ndani, millis, kama hali ya kitufe imetulia kwa muda wa kutosha, huku mzunguko wa programu (loop) ukiendelea bila kusimama:

const int KITUFE = 2;
const int TAA = 9;
bool inawaka = false;
int thabiti = HIGH;
int iliyopita = HIGH;
unsigned long wakati = 0;

void setup() {
  pinMode(KITUFE, INPUT_PULLUP);
  pinMode(TAA, OUTPUT);
}

void loop() {
  int sasa = digitalRead(KITUFE);
  if (sasa != iliyopita) {
    wakati = millis();
    iliyopita = sasa;
  }
  if (millis() - wakati > 30 && sasa != thabiti) {
    thabiti = sasa;
    if (thabiti == LOW) inawaka = !inawaka;
  }
  long volyumu = analogRead(A0);
  int mwanga = volyumu * volyumu / 4104;
  analogWrite(TAA, inawaka ? mwanga : 0);
}

Tazama kwamba taa hugeuzwa pale tu hali thabiti inapobadilika kuwa LOW. Mtu akishikilia kitufe kwa dakika nzima, bado hilo ni tukio moja. Potenshiometa, kwa upande wake, husomwa katika kila mzunguko wa programu bila masharti yoyote. Kuhusu saa ya millis, ni kweli kwamba hurudi sifuri baada ya siku 49 na saa kadhaa, lakini kwa kuwa tunatoa wakati mmoja kutoka mwingine kwa namba zisizo na alama ya hasi, hesabu hubaki sahihi hata siku hiyo.

Mstari wa kuzidisha volyumu kwa yenyewe unahitaji maelezo. Pini ya 9, ambako taa imeunganishwa, haiwezi kutoa volti 2.5, bali huwasha na kuzima volti 5 karibu mara 490 kwa sekunde, na namba ya 0 hadi 255 huamua ni sehemu gani ya muda huo taa iwe imewaka. Jicho huunganisha mapigo hayo na kuona mwanga mmoja, ila halihesabu mwanga kwa mstari ulionyooka: tofauti ndogo kwenye giza huonekana kubwa, na tofauti hiyohiyo kwenye mwanga mkali haionekani. Ukiigawa volyumu kwa 4 tu, mabadiliko yote yatajaa mwanzoni mwa mzunguko na nusu ya mwisho itaonekana kama haifanyi kitu. Kuizidisha kwa yenyewe hurekebisha hilo kwa gharama ndogo. Neno long (aina ya namba yenye nafasi kubwa kuliko int) ni la lazima, kwa sababu 1023 mara 1023 ni 1,046,529, na int ya bodi hii huishia 32,767.

Hesabu hiyo huzaa kasoro ambayo wengi hawaioni hadi mtumiaji alalamike: volyumu ikiwa chini ya 65, mwanga huwa sifuri. Mtu akiwa amezungusha hadi chini kabisa kisha akabonyeza kitufe, programu inajua kwamba taa inawaka, lakini yeye anaona giza na kubonyeza tena. Mimi huweka kiwango cha chini cha 3, ili kuzima kubaki kazi ya kitufe peke yake. Katika mwanga hafifu namna hiyo, hatua moja kutoka 3 hadi 4 ni ongezeko la theluthi, kwa hiyo usomaji unaoyumba huonekana kama taa inayopepesa. Hewa ya chumvi ya pwani yetu haizisaidii potenshiometa za bei rahisi, na wastani wa usomaji kadhaa huondoa kero hiyo.

Taa ndogo ya LED huwekewa rezista ya omu 220, ambayo hupitisha takriban miliampea 13 kwa LED nyekundu. Anayetaka kuendesha ukanda wa LED wa volti 12 atumie transista ya MOSFET (swichi ya kielektroniki) kama IRLZ44N, aunganishe grandi ya betri na grandi ya bodi, na asikubali kupewa IRFZ44N kwa maelezo kwamba ni kitu kilekile, kwani hiyo huhitaji volti zipatazo 10 ili ifunguke vizuri. Balbu za volti 230 za nyumbani haziingii kabisa katika mpango huu.

Linabaki suala ambalo Dar es Salaam halikwepeki: umeme ukikatika na kurudi, taa iwe katika hali gani? Potenshiometa ipo palepale ilipoachwa na itasomwa sawasawa. Tukio la kitufe limekwisha kupita, na programu yetu itaanza ikiwa imezima. Kwa taa ya chumba cha kulala hilo ni sawa kabisa, maana hakuna anayetaka kuamshwa na taa saa nane za usiku eti kwa sababu umeme umerudi. Kwa taa ya ngazi za ghorofa, hali ya inawaka ihifadhiwe kwenye EEPROM, yaani kumbukumbu ya bodi isiyofutika umeme ukikatika, na iandikwe kitufe kinapogeuza taa tu. Kila baiti ya EEPROM imehakikishiwa kuandikwa mara 100,000 na kila uandishi huchukua milisekunde 3.3, kwa hiyo EEPROM.write iliyowekwa ovyo ndani ya loop humaliza uhai huo kwa chini ya dakika sita. Baiti ambayo haijawahi kuandikwa husomeka 255. Kwa hiyo ndani ya setup programu iulize kama thamani ni 1, na jibu lingine lolote lichukuliwe kuwa taa imezimwa.