Je, wajua kwa nini mafundi huacha ufa kwenye meza ya thamani?

Kwenye majumba ya sanaa na makumbusho kuna meza za mbao zenye ufa mrefu juu ya uso wake, na ufa huo umeshikwa kwa vipande vidogo vya mbao vyenye umbo la kipepeo. Meza yenyewe imepigwa randa na msasa mpaka ikalainika, lakini ufa haukuzibwa. Fundi ameuacha kwa makusudi, na sababu zake zinaanzia ndani ya mti.

Mti uliokatwa karibuni umejaa maji. Yanayokaa ndani ya vishimo vya nyuzi hutoka kwanza bila madhara. Unyevu ukishuka chini ya takribani asilimia 30, kuta zenyewe za nyuzi huanza kukauka, na hapo ubao husinyaa. Tatizo ni kwamba hausinyai sawasawa. Kwa urefu karibu haubadiliki. Kwa upana husinyaa, na kufuata mzingo wa pete za ukuaji husinyaa karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka kiini kwenda kwenye gome. Nguvu hizo zikivutana, lazima pawe na mahali pa kuachia. Ndiyo maana ubao mpana uliopasuliwa katikati ya gogo huweza kupata ufa hata ukikaushwa kwa subira kubwa.

Hata ukishakauka, mti hautulii. Ubao wa mjozi wenye upana wa mita moja unaweza kutanuka na kusinyaa kwa karibu sentimita nzima, hewa ikitoka kwenye ukavu kwenda kwenye unyevu. Kwa hiyo seremala anayejua kazi hakazi uso wa meza moja kwa moja kwenye fremu ya miguu. Huacha nafasi ili skrubu ziteleze. Akiubana kabisa, utajipasua wenyewe.

Kiwandani, ubao wenye ufa hukatwa vipande, sehemu mbovu ikatupwa na nzima zikaunganishwa kwa gundi. Njia hiyo ina faida zake, kwani meza mia hutoka zikiwa sawa. Aliyeonyesha kwa nguvu zaidi kwamba kuna njia nyingine ni George Nakashima, Mmarekani mwenye asili ya Japani aliyezaliwa mwaka 1905. Alisomea usanifu majengo, lakini ufundi wa mbao wa Kijapani aliunoa kambini Minidoka, Idaho, ambako serikali ya Marekani ilimfungia pamoja na familia yake mwaka 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Humo alikuwemo seremala wa Kijapani, Gentaro Hikogawa, aliyemfundisha kutumia vifaa vya mkono na kutopoteza hata kipande cha mbao. Alipotoka mwaka 1943 alihamia New Hope, Pennsylvania, akafungua karakana. Alianza na ubao, sio na mchoro: aliutazama kwanza ulivyo, kisha akaamua uwe nini.

Ubao ukiwa na ufa aliuacha, akaushika kwa vile vipande vya kipepeo, na kipepeo chake kina kazi halisi. Fundi huchora umbo lake juu ya ufa kwa kisu kikali, huchimba kwa patasi, hupaka gundi, hukigongomea ndani, kisha hukisawazisha kwa randa. Siri iko kwenye mwelekeo wa nyuzi: za kipepeo lazima zikatize ufa. Mbao ni imara sana ikivutwa kwa urefu wa nyuzi zake na dhaifu sana ikivutwa kwa upana, hivyo ufa ukitaka kupanuka hukutana na upande wenye nguvu. Mabawa mapana ya kipepeo nayo hukizuia kuteleza kutoka mahali pake.

Hapa ndipo useremala unapogeuka kuwa sanaa, kwa maoni yangu. Ubao ule hauna wa pili, na kila uamuzi wa fundi unaonekana kwa yeyote atakayeketi hapo. Njia si hii moja. Wendell Castle, pia wa Marekani, alifanya kinyume chake: aliunganisha mbao kwa gundi tabaka juu ya tabaka, kisha akachonga viti kama mchongaji wa sanamu, bila kujali gogo lilivyokuwa. Kazi za wote wawili ziko makumbushoni, na zinastahili kuwa humo.

Siku hizi vipepeo vimekuwa fasheni, na vingine hubandikwa juu juu kwenye ubao usio na ufa wowote. Ukitaka kujua kama unachokiona kinafanya kazi, inama uzitazame nyuzi zake. Zikikatiza ufa, fundi alikuwa anajua anachokifanya. Zikilala sambamba na ufa, ni pambo tu, na mvutano ukizidi kipepeo kitapasuka pamoja na meza.