Gunia la mkaa lisilochafua mkono

Nimefanya ukaguzi barabarani miaka mingi, kuanzia Gairo mpaka Manyoni na upande wa Kondoa kule, na swali ninaloulizwa sana hapa Dodoma ni mnajuaje gari gani imebeba dawa za kulevya. Watu wanadhani kila siku tunapigiwa simu na msiri. Wasiri wanasaidia, sikatai, ila mara nyingi mtu anauzwa na kile kile alichofichia.

Chukua mkaa. Mkaa unachafua kila kitu, kamba, turubai, mikono ya utingo hadi kola ya shati. Siku moja nikapapasa gunia la katikati, nikaangalia kiganja, kisafi kabisa. Juu mkaa kidogo, chini yote bangi.

Mwingine kapakia kreti za zabibu anatoka nazo Arusha anakuja Dodoma. Zabibu! Zinalimwa hapa hapa, Hombolo huko, zinatoka kwenda kwa wengine, sasa nani ananiletea? Tulivyotoa kreti za juu tu tukakuta mirungi. Wa Marekani nao hivyo hivyo, Januari 2017 pale daraja la Pharr, Texas, walikamata ndimu bandia zaidi ya 34,000, kila moja imejazwa bangi, imechanganywa na ndimu za kweli, mashine ya kupiga picha mzigo na mbwa wakaziumbua.

Mbwa ndo watu hawamwelewi kabisa. Wanamwaga kahawa, pilipili, manukato, wakiamini harufu moja inafuta nyingine. Haifuti. Pua ya mbwa ina seli za kunusia zaidi ya milioni 200, sisi tunazo milioni chache tu, yaani wewe unasikia pilau, yeye anasikia iliki peke yake, mdalasini peke yake, kitunguu peke yake. Manukato yanamwongezea harufu moja tu, na mimi yananifanya nijiulize huyu abiria wa Singida begi lake limemwagiwa chupa nzima ya nini.

Mirungi ina shida yake nyingine. Ikinyauka nguvu inaisha, siku mbili tatu basi, kwa hiyo wanaifunga kwenye majani ya mgomba mabichi, wanailoweka na wanakimbiza gari kama wamebeba mgonjwa. Sasa kiangazi cha Dodoma, vumbi tupu, halafu buti inadondosha maji.

Kinachoniuma zaidi ni wanaomeza kete za dawa za kulevya za unga. Tumbo halifichi kitu, kete moja ikipasuka mtu anaacha kupumua njiani, na wengi ni vijana waliopewa nauli na ahadi tu, wakati kifungo chake ni miaka 30 au maisha.

Yule wa zabibu alikuwa kijana mdogo, analia, ananiambia afande mimi sikujua huku kunalimwa zabibu, nimeambiwa nipeleke tu. Nilimwamini. Aliyempakilia hatukumpata mpaka nastaafu.