Kijumba cha Mbao Porini: Njoo Kabla Hujachimba Shimo la Kwanza

Siku hizi mafaili mengi yanayofika mezani kwetu, ofisi ya vibali vya ujenzi, ni ya vijumba vya mapumziko ambavyo tayari vimesimama. Mwenye kijumba huja na picha za simu badala ya michoro. Nia ni njema, hilo hatuna shaka nalo: mtu anataka pa kupumzikia kando ya msitu bila kuharibu mazingira. Lakini kibali huombwa kabla ya kujenga. "Ni kibanda tu" si hoja. Watu wakilala humo na choo kikachimbwa, hayo ni makazi.

Mbao haiozi kwa sababu ya uzee, huozeshwa na maji. Kuvu wanaoila huhitaji unyevu unaozidi takriban asilimia 20 ya uzito wa mbao kavu. Ikibaki chini ya hapo, hudumu miaka mingi sana. Nilikagua kijumba ambacho nguzo zake zilifukiwa udongoni zikiwa zimepakwa oili chafu. Kwa macho zilikuwa nzima. Nikapiga magoti, nikasukuma bisibisi pale nguzo inapoingia ardhini, ikazama hadi kwenye mpini. Hapo ndipo unyevu na hewa hukutana, na oili ile ilikuwa imeanza kuchafua udongo.

Kwa hiyo simamisha nguzo juu ya vitako vya zege au mawe, zishikwe kwa chuma, zisiguse udongo. Inua sakafu angalau sentimita 45, upate nafasi ya kuingia chini kutafuta vijia vya mchwa. Paa litokeze nje ya kuta kama sentimita 60, mvua isizipige. Madirisha na rangi, chagua upendavyo. Mabaki ya mbao zilizotiwa dawa yenye shaba, kromi na arseniki usiyachome kamwe, hata kupikia chai: sumu hutoka na moshi na nyingine hubaki kwenye majivu.

Choo cha shimo kikae angalau mita 30 kutoka kisima au mto, na kitako cha shimo kiwe mita 1.5 au zaidi juu ya kina cha maji ya ardhini. Mtu anayependa mandhari ya mto mara nyingi hukiweka ukingoni kabisa, na hapo tunakataa.

Ombi liambatane na uthibitisho wa haki ya kutumia ardhi na mchoro unaoonyesha mipaka, vyanzo vya maji na kila mti utakaokatwa. Eneo likiwa la hifadhi, kibali cha wasimamizi wake hutangulia chetu. Tunakagua mara tatu: mashimo ya msingi yakiwa wazi, fremu kabla ya kuzibwa, na mwisho kabla hujahamia. Ukimwaga zege kabla hatujafika, utaagizwa kulichimbua.

Anayejenga bila kibali hupewa amri ya kusimamisha kazi, kisha faini, na mwisho huamriwa kubomoa na kurudisha eneo lilivyokuwa, kwa gharama zake. Nalirudia kwa kuwa tunaulizwa kila wiki: risiti ya faini si kibali. Kulipa hakuhalalishi jengo.

Ukishawasilisha ombi, chomeka vigingi vinne penye kona za kijumba na cha tano penye choo, ili mkaguzi avikute.