Mashine ya chai imechukua kazi ipi?

Mei 2023 waandamanaji huko Kericho, Kenya, walichoma mashine za kuchuma chai, na katika vurugu hizo mtu mmoja akapoteza maisha. Miezi michache kabla yake, jopokazi la serikali ya gaunti lilikuwa limeripoti kwamba mashine hizo zilifuta ajira zipatazo 30,000 katika muda wa miaka kumi. Mimi ni mchumi wa kilimo, na tangu wakati huo karibu kila kikao huniuliza kama mashine ni adui wa kibarua. Kabla ya kujibu, mimi hutaka kujua mashine yenyewe imechukua kazi ipi, na kama shamba lina nafasi ya kupanuka.

Tazama mpunga. Tanzania ilipotangaza Kilimo Kwanza mwaka 2009, pawatila, yaani trekta ndogo za kuongozwa kwa mkono, zilisambazwa wilayani. Anayelima kwa jembe la mkono hukwama wakati wa kutayarisha shamba, maana mvua haimsubiri. Akipata pawatila anaweza kulima eneo kubwa zaidi, na eneo lile lote bado linahitaji mikono ya kupandikiza, kupalilia, kuamia ndege na kuvuna. Hapo mashine imeongeza vibarua. Ikija kombaini, mashine ya kuvuna na kupura, hesabu inageuka, kwa sababu inachukua kazi ileile iliyokuwa ikilipa watu wengi kwa mkupuo.

Chai ya Kericho iko upande wa kombaini, tena kwa ukali zaidi. Mpunga huvunwa mara moja au mbili kwa mwaka, lakini chai huchumwa mwaka mzima. Mchumaji hurudi kwenye kichaka kilekile kila baada ya wiki moja au mbili, anakata majani mawili na chipukizi, na jani linafika kiwandani siku hiyohiyo. Kwa hiyo uchumaji ndio unaobeba sehemu kubwa ya gharama ya vibarua shambani. Na mashamba makubwa ya hapo hayana pa kupanukia, kwani ardhi jirani ina wenyewe. Mashine ikiingia, faida yake kubwa inatokana na kupunguza watu.

Mchumaji hulipwa kwa kilo, na hapo ndipo takwimu za mishahara zinapotuchezea. Nitatumia namba za kubuni ili hesabu ionekane. Tuseme mtu anachuma kilo 40 kwa siku kwa shilingi 10 kila kilo, anapata 400. Kilo 800 zinahitaji watu 20, na mwajiri analipa 8,000. Sasa ingiza mashine inayoshikwa na watu wawili, ichume kilo hizo 800, na bei ya kilo ishushwe hadi shilingi 2. Kila mmoja wa wale wawili anapata 800, mara mbili ya jana. Jumla ya ujira imeshuka kutoka 8,000 hadi 1,600. Watu 18 hawapo tena kwenye orodha, na kwa kuwa hawapo, hawaingii kwenye wastani. Ripoti itaandika kwamba mshahara wa wastani umepanda maradufu, na haitakuwa imedanganya.

Ndiyo maana namuomba yeyote anayesoma ripoti za namna hii atafute jumla ya ujira uliolipwa, na alinganishe na kilo zilizovunwa. Wastani peke yake hautoshi.

Kuna jambo jingine ambalo hata jumla hiyo hailionyeshi. Katika mashamba haya makubwa, kazi huja na nyumba. Anayeachishwa hupoteza mshahara na paa kwa pamoja, na mara nyingi shule na zahanati ya kambi. Wengi wamekuja kutoka kaunti nyingine na hawana shamba hapo. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba uchumaji wa mkono umekuwa kazi ya wanawake wengi mno, ilhali mashine, kwa uzito wake, hukabidhiwa wanaume.

Waajiri wana hoja yao, nami siipuuzi: bei ya chai mnadani Mombasa haipandi kwa kasi ya gharama. Lakini tofautisha na California. Mwaka 1964 Marekani ilipofuta mpango wa kuleta vibarua wa Mexico, wakulima wa nyanya za viwandani waliona mikono itapungua, na katika miaka michache karibu zao lote likavunwa kwa mashine. Huko mashine ilijaza pengo. Kericho hakuna pengo. Watu wa kuchuma wapo, wanasubiri getini.

Kwa hiyo mazungumzo kati ya chama cha wafanyakazi na waajiri yasiishie kwenye idadi ya mashine. Bei ya kilo inayochumwa kwa mashine iandikwe kwenye mkataba wa pamoja, ikiwa na sehemu ya fedha iliyookolewa. Anayeondoka apewe muda wa kuhama nyumba baada ya kulipwa malipo yake yote, sio kabla. Na mafunzo ya kuendesha mashine yaanze na wanawake waliokuwa wakichuma kwenye vichaka hivyo, kukiwa na mashine nyepesi za kutosha, ambazo tayari zinauzwa.