Mgahawa uko Sinza, pini iko gereji

"Bosi, nimefika, lakini hapa ni gereji."

Aliyenipigia ni kijana wa bodaboda niliyemtuma kuchukua pilau kwa mteja wangu mpya, Sinza. Nilimpa jina la mgahawa tu na kumwambia afuate ramani ya simu, maana nilitaka kuona mgeni wa mtaa anafikaje. Akafika gereji.

Mwenye mgahawa, mama anayepika mwenyewe, alikuwa ameniita kwa sababu watu wakitafuta chakula Google hawamwoni. Miaka miwili nyuma alihama. Alihamisha kibao, akawapigia simu wateja wake wa siku zote, akabadilisha hadi risiti. Pini ya ramani, ile alama inayoonyesha biashara ilipo, ikabaki kule kule.

Google wenyewe wanaeleza kwamba matokeo ya utafutaji wa karibu hupangwa kwa mambo matatu: biashara inaendana kiasi gani na kinachotafutwa, iko umbali gani na anayetafuta, na inajulikana kiasi gani. Pini ikikosewa, umbali wote unapigwa kutoka mahali ambapo biashara haipo. Wanaeleza pia kwamba nafasi hiyo hailipiwi. Kwa hiyo mtu akikuahidi kwamba ukimpa laki tatu atakuweka wa kwanza, usimpe hela yako.

Tulikaa meza ya nyuma baada ya msosi wa mchana, tukaanza na ukurasa wake wa biashara kwenye Google, ambao ni bure. Kuuthibitisha kulihitaji video isiyokatwa. Mama akashika simu, akaanzia barabarani: kibao cha mtaa, namba ya nyumba (zile za operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022), kibao cha mgahawa, kisha akafungua mlango wa jikoni kwa ufunguo wake mpaka kwenye masufuria. Siku chache baadaye ukakubaliwa, pini ikakaa mlangoni pake.

Halafu menyu. Ilikuwa picha ya bango iliyopigwa kwa pembeni, mwanga wa taa umefuta nusu ya bei. Nikamwomba anitajie vyakula kimoja kimoja, nami nikaviandika kwa maneno: pilau ya nyama, biriani ya kuku, ndizi nyama, maharage ya nazi. Mwenye njaa mara nyingi haandiki "mgahawa", anaandika "biriani", na jina la chakula likiwa limeandikwa wazi, Google wanaliona kwa urahisi kuliko likiwa limejificha ndani ya picha. Picha za sahani tukazipiga upya karibu na dirisha, saa sita mchana, chakula chake mwenyewe.

Alitaka tuongeze "Pilau Bora Sinza" kwenye jina. Nilimkatalia. Jina liwe lile lililo kwenye kibao. Ukirundika maneno ya kutafutwa, ukurasa unaweza kufungiwa, na kuurudisha ni kazi.

Saa za kazi ndizo zinazoniuma zaidi, kwa sababu ni kosa dogo linalomchosha mtu mwenye njaa. Mwezi wa Ramadhani mama hufunga mgahawa mchana na kufungua kwa ajili ya futari, lakini ukurasa ulikuwa unasema yuko wazi tangu asubuhi. Kuna sehemu ya kuweka saa maalumu za siku fulani. Itumie, hata kwa sikukuu ya siku moja.

Kuhusu maoni, usitoe soda ili upewe nyota. Imekatazwa, na wasomaji wanaona. Mwombe mteja aliyeshiba aandike alichokula, basi. Kisha jibu, hasa lawama. Mmoja aliandika kwamba alikuta pilau imeisha saa nane. Mama akajibu: "Pole mwanangu, Ijumaa tunamaliza mapema. Njoo kabla ya saa saba, nitakuwekea." Jibu hilo lina faida kuliko sifa kumi, kwa sababu kila atakayelisoma sasa anajua Ijumaa awahi.

Jambo la mwisho ambalo wengi hawalijui: mtu yeyote anaweza kupendekeza mabadiliko kwenye ramani, yakiwemo ya simu yako na saa zako. Mama amejiwekea Jumatatu asubuhi, mchele ukiwa unachambuliwa, anafungua ukurasa na kukagua pini, namba na saa kabla hajawasha jiko.